Kitambaa Chekundu kwenye Koki

Jumamosi, 11 Januari

Daftari hili nimepewa na binti yangu. Limetoka zahanati anakofanya kazi ya kupokea wagonjwa, na juu yake kuna picha ya moyo unaotabasamu, sijui moyo gani unatabasamu katika joto hili. "Mama, uandike humu mambo ya harusi, usije ukasahau," aliniambia. Haya, naandika.

Jambo la kwanza. Leo amekuja mkwe wangu, baba wa kijana anayemwoa binti yangu, na mkate wa moto kwapani. Ni mwokaji. Watu wanamwita Povu kwa sababu hawezi kunywa bia kabla hajalikagua povu lake kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Ameomba familia mbili zikutane tarehe kumi na tano Machi, kabla ya harusi yenyewe, katika bustani nzuri ya bia.

"Na bustani uchague wewe, mkwe," alisema. "Siri ya mtungi muulize kata. Mipira ya kupitishia bia ya kitongoji hiki chote unaiosha wewe. Nani mwingine anajua ndani yake kuna nini?"

Nilimwambia nitachagua, lakini na yeye atembee nami aonje. Akafurahi kama mtoto. Kisha akasema, "Na siku yenyewe utatuoshea wewe, na glasi ya kwanza utainywa wewe mbele yetu, kama ilivyo sheria ya kazi yenu."

Nilicheka. Mume wangu, aliyekuwa mezani akitengeneza koki mbovu, hakucheka. Tumbo langu lilikaza na mpaka sasa halijalegea.

Jumanne, 14 Januari

Nimekaa siku mbili nikilitazama daftari. Niandike tu, hakuna atakayelisoma. Maandishi yangu yenyewe ni ya kuku.

Bia inatoka kwenye pipa, inapita kwenye mpira, inafika kwenye koki, inaingia kwenye glasi. Mpira usipooshwa unaota utelezi ndani na bia inachacha. Kwa hiyo naingiza dawa, kostiki, naiacha ilale mle ndani nusu saa. Kostiki haina harufu, na ndani ya bia haionekani. Ikigusa koo inaunguza. Ndiyo maana koki ambayo mpira wake una dawa inafungwa kitambaa chekundu, na hakuna anayeruhusiwa kukifungua mpaka mpira usuuzwe na maji yapimwe kwa karatasi, kisha aliyeosha hunywa glasi ya kwanza ya bia mbele ya mwenye bustani, kabla ya mteja yeyote. Mwoshaji ndiye mwonjaji. Karatasi ni za waridi. Dawa ikiwa bado ipo zinageuka bluu.

Kazi hii ilikuwa ya mume wangu. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Miaka mitatu iliyopita, siku ya joto kama hili, nilikuwa chini kwenye chumba cha mapipa nikisuuza, yeye alikuwa juu na mwenye bustani. Kulikuwa na koki mbili. Ya kwanza nilimaliza, nikapanda, nikafungua kitambaa chake, nikashuka kuendelea na ya pili. Nakumbuka nimefungua kitambaa kimoja. Lakini baadaye koki zote mbili zilikuwa wazi, na mume wangu alikuwa chini sakafuni ameshika shingo.

Alilazwa miezi miwili. Sasa anakula uji na supu, na sauti yake imebaki mnong'ono, lazima umsogelee. Hajawahi kuniuliza kuhusu kitambaa cha pili. Na mimi sijawahi kusema.

Kazi nikaichukua mimi. Na tangu siku hiyo sijanywa glasi ya kwanza hata moja. Naishika, natabasamu, nashuka nayo chini "kuangalia gesi", naimwaga kwenye sinki. Miaka mitatu. Naziamini karatasi tu.

Alhamisi, 16 Januari

Vyombo vya harusi vimeanza kuletwa. Nimehamisha vifaa vyangu vya kazi kwenye kabati la chini, chini ya sinki, karibu na chupa ya jiki ya kufulia. Joto.

Jumamosi, 18 Januari

Bustani ya kwanza, nyuma ya kiwanda cha mbao. Wanaokuja hapo ni waashi na mafundi rangi wa mataifa matatu au manne, na kila meza ina lugha yake, lakini matusi ya mpira wa miguu wanaelewana bila mkalimani. Povu alivaa shati jeupe. Nilimwambia anaonekana kama anakuja kuposa.

Nikaona anavyopima. Anachomeka njiti ya kiberiti katikati ya povu, isimame, kisha anahesabu. Povu zuri linaishika njiti hadi thelathini. Hapo ilianguka kwenye kumi na moja.

"Hili si povu," alisema. "Hii ni ahadi ya mgombea."

Mimi nilishajua. Mwenye bustani hiyo ananiita mara moja kwa miezi miwili. Mpira wake ukiuona utaapa hutakunywa tena. Povu aliniuliza mbona mimi nakunywa soda. Nilisema ni tumbo. Si uongo sana.

Jumatano, 22 Januari

Joto. Bustani tatu leo. Glasi tatu kwenye sinki.

Jumamosi, 25 Januari

Bustani ya pili, juu ya paa la duka la vitambaa. Upepo mzuri, viti vizuri, wauguzi na madereva wa malori, na bibi mmoja anayeleta mshono wake na kuagiza bia nusu. Njiti ilisimama hadi ishirini na sita. Lakini ngazi ni nyembamba, na mama yake Povu ana miaka themanini na tano. Tukaiacha.

Tukishuka Povu aliniambia habari ya mke wake, aliyefariki akiwa anakanda unga, bila hata kuaga. Alisema tangu hapo anahesabu kila kitu, mikate, hatua, njiti, kwa sababu akiacha kuhesabu anaanza kufikiri. Nilikuwa nimemwona mtu wa majivuno. Nikambebea kofia yake.

Jumamosi, 1 Februari

Tumepata!

Ni bustani ya Bibi Funguo. Anaitwa hivyo kwa funguo kumi na tano anazovaa kiunoni. Ukimsikia anakuja unaficha sigara yako. Ukuta wa matofali pande tatu, mizabibu juu kama dari, meza ndefu ambapo mgeni anakaa na mtu asiyemjua na kuondoka na mwaliko wa ubatizo. Nimeosha mipira yake miaka miwili. Kila siku ya kuosha anaiandika kwa chaki kwenye mlango wa chumba cha mapipa. Hakuna mwenye bustani mwingine anayefanya hivyo.

Njiti ya Povu ilisimama hadi arobaini na moja. Watu wa meza ile walikuwa wanahesabu pamoja naye, kila mmoja kwa lugha yake, na ilipoanguka wakapiga makofi. Halafu kila mtu akaomba kiberiti. Tulipoondoka meza nne zilikuwa zinahesabu.

"Mkwe," Povu aliniambia mlangoni, "hapa ndipo."

Bibi Funguo akanitazama. "Na fundi ataosha mwenyewe asubuhi ile?"

"Nitaosha."

"Vizuri. Nakuaminia wewe."

Laiti asingesema hivyo.

Alhamisi, 6 Februari

Karatasi zangu zimepauka kidogo. Kila kitu kinapauka kwa joto hili, hata mapazia.

Jumanne, 11 Februari

Nimeota koo. Si la mume wangu, la binti yangu. Niliamka nikamwangalia mume wangu amelala, pumzi yake inapita kwa sauti ya msumeno mdogo, kama kila siku. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini mimi sikuumwa. Niliyemfungulia nyoka mlango ni mimi.

Asubuhi alinipangia mfuko wa kazi kama kawaida: brashi, vitambaa vyekundu, dawa, karatasi. Akanishika kiwiko, akataka kusema neno. Nilisema nimechelewa. Sikuwa nimechelewa.

Jumanne, 18 Februari

Mwandiko huu nisaidie Mungu niweze kuusoma kesho.

Leo nilikuwa kwenye bustani ya paa. Nimeingiza dawa, nimefunga kitambaa, nimeweka ndoo yenye dawa iliyobaki miguuni. Nikatoa karatasi niwe nayo tayari, ikaniponyoka ikaanguka ndani ya ndoo. Ndani ya dawa yenyewe. Nikasubiri igeuke bluu, hata sikuwa nafikiri, macho tu yalikuwa pale. Haikugeuka.

Nikatumbukiza nyingine. Haikugeuka. Ya tatu, ya nne. Nilipiga magoti pale juu ya paa na kuzitumbukiza zote moja moja kama mtu anayelisha samaki. Zote zilibaki na waridi lake lililopauka. Mpira wa pale nilisuuza mara sita, nikaacha kitambaa kwenye koki mpaka nirudi na karatasi mpya.

Ni jiki, imeua rangi ya karatasi. Chupa ile chini ya sinki kifuniko chake kina ufa. Nilipofika nyumbani niliona boksi la karatasi lina doa kavu hadi katikati. Mimi mwenyewe ndiye niliyezihamishia pale, nipate nafasi ya masufuria ya harusi.

Kwa hiyo mwezi mzima karatasi zimekuwa zikiniambia safi, safi, safi, hata kama mpira umejaa dawa. Na glasi ya kwanza, ambayo ingeniambia ukweli, naimwaga kwenye sinki. Nimeosha bustani kumi na moja tangu Januari.

Nilijaribu kufikiri kama mtu mzima. Bustani za zamani bia imeshapita ndani siku nyingi. Kama kungekuwa na dawa tungeshasikia. Inayobaki ni ya mwisho. Ya mwisho nimeosha jana.

Ni kwa Bibi Funguo.

Nilitaka kukimbia kule na kupiga kelele koki zifungwe. Badala yake nilikaa jikoni na boksi mapajani. Nikimwambia, ataniuliza glasi ya kwanza ilikuwaje. Nitajibu nini? Kazi itaisha, shughuli itaisha, na Povu atajua binti anayemchukulia mwanawe ni wa mama gani. Hivi ndivyo nilivyofikiri. Naandika ili nione aibu nikisoma.

Mume wangu aliniuliza kwa mnong'ono wake, "Kuna nini?"

"Joto," nikasema.

Jumatano, 19 Februari

Binti yangu amerudi kutoka kazini, akavua viatu, akasema akiwa anakunywa maji, "Mama, leo asubuhi tumepokea mzee mmoja hawezi kumeza. Anashika shingo hivi. Mkewe anasema ilianza jana kwenye bustani ya bia, ile ile ya Bibi Funguo. Si ndiyo tunayofanyia shughuli?"

Alionyesha kwa mkono jinsi mzee alivyoshika shingo. Mume wangu aliweka kijiko chini.

Nilikwenda chooni nikafunga mlango na kukaa sakafuni. Sikulia. Nilihisi baridi, katika joto hili nilihisi baridi mpaka meno yakagongana. Nilifungua bomba ili wasinisikie.

Alhamisi, 20 Februari

Sikwenda kazini. Nimesema ninaumwa, na kweli ninaumwa.

Binti hana habari mpya. Mzee amehamishiwa hospitali kubwa wamtazame ndani ya koo kwa kamera. Nilimuuliza mara tatu kama alitapika damu, mara ya tatu akaniangalia. "Mama, unamjua huyo mtu?"

Simjui. Najua atakavyokuwa. Najua uji unapaswa kuwa mwepesi kiasi gani, mito mingapi awekewe alale, na mkewe atakavyojizoeza kumsogelea amsikie, na siku atakayoacha kumsogelea kwa sababu amechoka. Haya yote nayajua mimi, na nimempelekea mwanamke mwingine nyumbani kwake.

Nimemwangalia mume wangu siku nzima akisugua koki mbovu kwa msasa. Ana mikono mizuri. Mara mbili aliinua kichwa tukakutana macho na mara zote mbili ndiye aliyekuwa wa kwanza kuangalia pembeni. Basi anajua. Miaka yote hii anajua ni mimi, na ananihurumia. Heri angenipiga.

Ijumaa, 21 Februari

Njiti ya kiberiti!

Nimeandika tena ili niamini: njiti ya kiberiti. Mzee alichomeka njiti kwenye povu kama Povu, akahesabu hadi thelathini na nane, akashangilia, akasahau kuitoa, akanywa. Ilimkwama kooni mlalo. Wameitoa, ameomba apewe akaiweke kwenye fremu. Binti yangu alikuwa anasimulia anacheka hadi anashika ukuta. Mimi nilicheka naye, kisha kicheko kikageuka kilio na sikuweza kukisimamisha, akadhani ni mambo ya harusi. Akanikumbatia. "Mama, siendi mbali, jamani."

Povu alikuja jioni bila mkate. Uso umemshuka. Amekwenda kumwomba mzee radhi hospitalini. "Ni mimi niliyewafundisha," alisema. "Nilijiona fundi. Mkwe, nilitembea hadi hapa nikihesabu hatua na nilipoteza hesabu mara nne."

Yeye amekiri kwa njiti. Mimi nina mwezi mzima wa karatasi zilizokufa na miaka mitatu ya sinki. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo kimepita mlangoni kikanisalimia tu.

Jumamosi, 22 Februari

Nimemwambia Bibi Funguo. Nilimkuta anafuta chaki mlangoni. Nilimwambia yote, karatasi, jiki, glasi. Ya mume wangu pia. Sikumwambia habari ya kitambaa cha pili. Hiyo mdomo ulikataa.

Alisikiliza bila kusogeza hata ufunguo mmoja. Halafu akasema, "Miaka miwili nimekuwa nikiwanywesha watu bia ambayo hujaionja."

"Ndiyo, dada."

"Ukanitazama machoni."

"Ndiyo."

"Fundi, wateja wangu hawakujui wewe. Wananijua mimi, na mimi nakujua wewe, ndiyo maana wanakunywa." Aliniacha nimesimama muda mrefu, akaenda kuhudumia meza mbili, akarudi. "Tarehe kumi na tano utaosha kwa karatasi mpya. Glasi ya kwanza utainywa nikikuangalia. Ukishindwa, bustani siifungui, wageni wenu wataikuta imefungwa, na nitawapigia simu wenzangu wote niwaeleze sababu. Ukinywa, yameisha kwangu."

Nilikuwa namwogopa mwanamke huyu kwa sababu ya funguo. Nilikuwa naogopa kitu ambacho sicho. Ni mwadilifu, na hiyo inatisha zaidi.

Jumatatu, 24 Februari

Karatasi mpya. Nazitembeza mfukoni mwa blauzi.

Alhamisi, 27 Februari

Nimejaribu glasi ya kwanza kwenye bustani ya paa. Ilifika mdomoni. Nilihisi povu kwenye mdomo wa juu. Nikaona sakafu ile. Nikaimwaga mbele ya mwenye bustani na nikamwambia ina inzi.

Jumanne, 4 Machi

Ya pili. Nimeimwaga.

Ijumaa, 7 Machi

Ya tatu. Mkono uliganda kabisa, ilibidi nivibandue vidole kwenye glasi kwa mkono mwingine. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa kiwanda lakini hayashuki. Watu wote wanasema itanyesha kesho. Wamesema hivyo wiki nzima.

Jumatano, 12 Machi

Siku tatu. Povu amenipigia kuuliza rangi ya vitambaa vya meza. Nikasema yoyote isipokuwa nyekundu.

Jumapili, 16 Machi

Niandike ya jana pole pole.

Nilifika saa moja asubuhi. Niliosha koki zote nne. Nilifunga vitambaa vinne, nikavihesabu kwa sauti. Dawa ililala, nikasuuza kila mpira mara mbili ya kawaida, nikapima. Waridi, waridi, waridi, waridi. Na karatasi moja nikaichovya kwenye dawa makusudi: bluu kama sare ya shule. Kila kitu kilikuwa sawa. Nikafungua vitambaa. Nikamimina glasi kutoka koki ya kwanza na kuiweka juu ya kaunta, na hapo nikakaa kwenye kreti.

Bibi Funguo alikuwa amesimama upande wa pili, mikono kifuani. Hakunihimiza. Povu alikuwa ameshafika na mikate, akaona nyuso zetu, akavua kofia. Saa nne wageni wangeanza kuingia. Saa ya ukutani ilikuwa tatu na nusu.

Nilishika glasi. Nikaiweka. Nikaishika. Nikaiweka.

Mume wangu akaingia. Amevaa suti yake ya zamani, imekuwa kubwa kwake tangu alipoanza kula uji. Kumbe Bibi Funguo alimpigia simu. Alikuja hadi kwenye kreti, akachuchumaa, magoti yakalia, akaleta mdomo karibu na sikio langu, nami nikadhani atasema hebu nipe nikunywee. Nilikuwa tayari kumpa. Hilo nalo naliandika.

Akasema, "Kitambaa cha pili nilikifungua mimi."

Sikuelewa.

"Siku ile. Mwenye bustani alikuwa ananiharakisha, wateja wako mlangoni. Nilijua hujamaliza chini. Nilisema ah, amesuuza vya kutosha. Nikafungua kitambaa, nikamimina." Alipumzika, sentensi ndefu zinamuumiza. "Nilidhani unajua. Kila siku nilidhani leo utasema."

"Nilidhani ni mimi," nikasema.

"Najua sasa. Siku ya habari ya yule mzee, ulipojifungia chooni ukafungua bomba, ndipo nilipojua. Nilikuwa naogopa, mama. Kazi nimekuachia, sauti sina, na kosa langu mwenyewe. Niliona nikilisema kwa mdomo wangu utaniacha."

Naam. Katika hadithi za redio hapa mwanamke analia na kumkumbatia mumewe. Mimi nilipandwa na hasira sijawahi kuiona. Miaka mitatu! Miaka mitatu nimelala pembeni ya msumeno ule nikijiita muuaji, nimempikia uji kama mtu anayetoa kafara, nimemwaga bia ya kitongoji kizima kwenye sinki, na yeye amekaa mezani na msasa wake anasubiri niseme mimi! Nikasimama, nikiwa na brashi ya kuoshea mkononi, na Povu akarudi nyuma hatua mbili.

"Miaka mitatu, baba watoto!"

"Ndiyo."

"Na mdomo unao!"

"Nusu," akanong'ona.

Koo lilinikauka kwa hasira. Glasi ilikuwa pale. Nikaichukua, nikainywa yote kwa mkupuo, nikiwa namtazama yeye machoni, nimwonyeshe. Nimwonyeshe nini sijui. Nilipoiweka chini ndipo nilipokumbuka ninachofanya.

Tulisubiri sote wanne. Nilihisi baridi ikishuka kifuani, na uchungu wa bia kwenye ulimi, na kisha gesi ikanipanda na nikabeua mbele ya mkwe wangu.

"Arobaini na moja," Povu akasema kwa sauti ndogo. Alikuwa anahesabu.

Bibi Funguo akachukua chaki, akaenda kwenye mlango wa chumba cha mapipa, akaandika tarehe. Kisha akaenda kufungua lango.

Shughuli ilikwenda vizuri, watu wamesema. Mama yake Povu alikunywa glasi mbili na kuimba. Mzee wa njiti alikuja bila kualikwa na fremu yake. Binti yangu alikuwa mzuri hadi nikashindwa kumtazama muda mrefu. Mimi na mume wangu tulikaa meza moja na hatukuzungumza mpaka alasiri, nami nilikuwa nimekasirika kila dakika, na katikati ya hasira hiyo nikaona kwamba tumbo limelegea.

Wageni walipopungua alisogeza kiti. Akaivuta glasi yangu, akainusa. Tangu siku ile hajagusa bia ya koki. Alichovya ulimi tu, akameza, akafumba macho, nikaona koo lake likipanda na kushuka polepole.

"Ni nzuri," akanong'ona. Sikumsogelea ili nimsikie. Nilisikia.

Jumanne, 18 Machi

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Bado simsemeshi vizuri mume wangu, nampa majibu ya neno moja. Lakini amesema atakuwa anakuja kazini, akae juu alinde koki, na leo alikuja, na mwavuli. Vitambaa nilivifunga mimi na kuvifungua mimi. Yeye alikatazwa hata kuvitazama.

Glasi ya kwanza nilimimina, mkono ukatetemeka kama siku zote. Nilidhani ungeacha. Nikainywa.